Fundi wa Kampala Anayetafuta na Kuunda Upya Nishani za Askari wa Keya: Tathmini ya Kazi Yake

Duka ninalolitathmini hapa liko Kampala, katika jengo la biashara karibu na Barabara ya Nasser, na kazi yake ni ya aina ambayo sijaiona kwingine nchini: hufuatilia kumbukumbu za askari wa Keya, yaani King's African Rifles, huthibitisha nishani alizostahili, kisha huunda upya seti iliyopotea na kuifungia kwenye fremu kwa ajili ya familia. Mwenye duka ni sonara mtu mzima ambaye kwa miaka mingi alitengeneza beji na vifungo vya sare. Ameniomba nisitaje jina lake wala la duka, kwa sababu ana msaidizi mmoja tu na hapendi kupokea kazi asizoweza kuzimaliza kwa wakati. Lakini wachonga mihuri wa mtaa ule wanamfahamu, na anayemuulizia fundi wa nishani huelekezwa bila taabu.

Nianze na hukumu yangu, kisha nieleze sababu zake. Kazi ya mikono ya fundi huyu ni nzuri, ingawa ina kasoro nitakazozitaja. Kinachompa thamani ya kweli ni kwamba anaanza na karatasi kabla ya kugusa chuma, na kwamba hakubali kumvisha marehemu nishani ambayo ushahidi haumpi.

Sisi ni Wanubi wa Bombo. Kama familia nyingi za kwetu, jeshi limo katika ukoo tangu enzi za wanajeshi wa Kisudani ambao ofisa Mwingereza, Lugard, aliwachukua mwaka 1891 na ambao baadaye waliingizwa katika Uganda Rifles. Ilipofika tarehe 1 Januari 1902 na King's African Rifles kuundwa kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, Afrika Mashariki na Afrika ya Kati, askari hao wakawa sehemu ya batalioni za Uganda, na watoto na wajukuu wao wakaendelea kujiandikisha humo. Babu yangu mzaa baba alikuwa katika batalioni ya 4, ile ya Uganda, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nishani zake zilikuwa zikihifadhiwa ndani ya kasha la bati nyumbani Bombo mpaka mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoanguka na watu wetu wengi wakakimbilia Sudan na Zaire. Waliporudi walikuta kuta tu. Wanaosoma haya kutoka Bombo, Arua au Koboko hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana karibu kila nyumba ina orodha yake ya vitu ambavyo havikuonekana tena.

Tulipofika dukani, fundi hakutuonyesha nishani hata moja. Alitoa daftari na kuanza kuuliza: namba ya jeshi ya mzee, jina lake lilivyoandikwa na makarani na si tunavyoliandika sisi, batalioni, mwaka wa kuingia, mwaka wa kuachiliwa, na kama kuna hati yoyote yenye muhuri. Alitueleza kwamba jina peke yake halitoshi, kwa kuwa karani Mwingereza aliyesikia jina la Kiislamu lenye matamshi ya Kinubi aliliandika alivyolisikia siku ile, na siku nyingine aliliandika vingine. Namba ndiyo inayomtambulisha askari. Sisi hatukuwa na namba. Yeye ndiye aliyetushauri tuwaulize ndugu zetu wa Kibera, Nairobi, kwa kuwa makazi yale yalianzishwa na askari Wanubi wa Keya, na watu wa ukoo mmoja mara nyingi waligawana karatasi pande zote mbili za mpaka. Shauri hilo lilizaa matunda: shangazi yetu mmoja wa Kibera alikuwa na nakala ya hati ya babu ya kuachiliwa jeshini, imekunjwa mara nne na kuliwa na mende pembeni, lakini namba, batalioni na tarehe zilisomeka.

Hati hiyo ilisema babu aliandikishwa mwaka 1942. Tarehe hiyo moja ilibadilisha kila kitu tulichokuwa tukisimulia.

Kwa mapokeo ya familia, babu alipigana Uhabeshi na kisha Burma, na alikuwa na nishani tano, mojawapo ikiwa Nyota ya Afrika. Fundi alisikiliza kwa adabu, akaandika yote, halafu akatueleza masharti ya nishani hiyo. Nyota ya Afrika ilitolewa kwa waliohudumu Afrika Kaskazini kati ya tarehe 10 Juni 1940 na tarehe 12 Mei 1943, na kwa upande wa Uhabeshi, Eritrea na Somalia muda wake ulikoma tarehe 27 Novemba 1941, Waitaliano waliposalimu amri Gondar. Mtu aliyeingia jeshini mwaka 1942 hakuweza kuwa Uhabeshi wakati huo, na batalioni ya 4, ambayo ilikuwa sehemu ya brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki, ilikuwa imeshapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka huo wa 1942 badala ya kwenda jangwa la Libya. Kwa hiyo Nyota ya Afrika haikuwa yake. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo kwa sasa, alichukizwa sana na kusema kwamba aliiona kwa macho yake akiwa mtoto. Fundi alimjibu, "Mzee wangu, mimi sikukatalii ulichokiona. Niletee karatasi, nitaitengeneza kesho." Karatasi haikupatikana, na nyota haikutengenezwa.

Nalisifu hilo kwa dhati. Pesa ya nishani ya tano ilikuwa mezani na angeweza kuichukua. Tena sisi Waganda tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu katika jambo hili, kwa kuwa tuliwahi kuwa na rais aliyejaza kifua kizima nishani, nyingine akijitunukia mwenyewe, na aliyedai kupigana Burma ilhali kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Askari wa kweli wa Burma walitembea kwa miguu katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika za mwaka 1944, na heshima yao haihitaji kuongezewa chochote.

Sehemu ya Burma ndiyo iliyonivutia zaidi katika ripoti ambayo fundi alituandikia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru na chini ya Meja Jenerali Fowkes, ilisukuma jeshi la Wajapani kusini kupitia bonde hilo lililojulikana kwa malaria na matope, ikafika Kalemyo mwezi Novemba, na mapema Desemba 1944 ilikuwa Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin. Fundi aliagiza kurasa husika za shajara ya vita ya batalioni kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew, London, ambako shajara za vikosi vilivyokuwa Asia ya Kusini-Mashariki zimewekwa katika mfululizo wa WO 172. Shajara hizo huwataja maofisa kwa majina na askari wa kawaida kwa nadra sana, kwa hiyo yeyote anayetarajia kumkuta babu yake humo kwa jina asijipe matumaini makubwa. Manufaa yake ni mengine: zinaonyesha batalioni ilikuwa wapi na lini. Ukiweka tarehe za hati ya askari juu ya tarehe za shajara, unapata mahali alipokuwa, na mahali alipokuwa ndipo panapotoa nishani.

Kwa njia hiyo fundi alithibitisha nne. Nyota ya 1939–1945, ambayo kwa kawaida ilihitaji siku 180 katika eneo la mapigano. Nyota ya Burma. Nishani ya Ulinzi, inayotokana na muda aliokaa nje ya nchi yake katika maeneo yasiyo ya mapigano, na kwa babu muda huo ulikuwa Ceylon. Na Nishani ya Vita, ambayo ilihitaji siku 28 tu za utumishi kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na tarehe 2 Septemba 1945. Hesabu ya zile siku 180 ameiandika kwa mkono, mstari kwa mstari, na ameiambatanisha na ripoti ili anayetaka kuipinga aipinge kwa tarehe.

Kisha ikaja picha. Tulikuwa na picha moja ya babu ya studio, nyeusi na nyeupe, amevaa koti lenye ukanda wa tepe kifuani. Fundi aliiweka chini ya lenzi na kutuonyesha kwamba tepe ni nne. Alitueleza pia jambo ambalo nadhani kila familia yenye picha za aina hiyo inapaswa kulijua: filamu nyingi za zamani hazikuiona rangi nyekundu, hivyo nyekundu hutokea nyeusi kwenye picha, huku buluu ikitokea nyeupe au kijivu chepesi. Utepe wa kwanza kwenye picha ya babu una weusi katikati na wepesi pande zote mbili, sawasawa na Nyota ya 1939–1945, ambayo ina buluu iliyokoza, nyekundu na buluu mpauko kwa upana ulio sawa. Baba mkubwa aliinama kwenye lenzi kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Tangu siku hiyo hakuizungumzia tena Nyota ya Afrika.

Nikija kwenye chuma chenyewe, mteja hupewa uchaguzi wa aina mbili. Nyota na nishani ambazo Uingereza iliwatolea askari wake wa Vita vya Pili kwa kawaida hazikuchongwa majina, kwa hiyo zile za asili bado zinauzwa na wafanyabiashara wa vitu vya kale na mtu anaweza kununua nyota halisi ya wakati ule. Aina ya pili ni nakala mpya. Fundi hupendekeza nakala, na sababu yake naikubali: kila nyota ya asili iliyoko sokoni ilitoka kifuani kwa mtu fulani, na huenda jamaa zake nao wanaitafuta. Nakala zetu ziliagizwa Uingereza. Zile nyota mbili zina ncha sita, ni za aloi ya rangi ya shaba ya njano, na katikati zina herufi za mfalme George wa Sita chini ya taji, zikizungukwa na duara lenye jina la nishani. Ukizitazama kwa karibu utaona kwamba kingo za herufi ni butu kidogo, dalili ya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, ilhali za asili zilipigwa kwa mhuri wa chuma. Nishani ya Vita ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote: upande mmoja kuna kichwa cha mfalme mwenye taji, na upande wa pili kuna simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, na hata manyoya ya shingo ya simba yanahesabika.

Nyuma ya kila nakala fundi amechonga neno NAKALA kwa herufi ndogo. Tulimwomba achonge pia jina na namba ya babu ukingoni mwa Nishani ya Vita, akakataa, akieleza kwamba nishani hizi hazikutoka na majina, na jina lililochongwa leo litamfanya mjukuu wa kesho, au mnunuzi wa kesho, aamini kwamba ni kazi ya serikali ya wakati ule. Badala yake ameweka kibao cha shaba chini ya fremu chenye cheo, jina, namba, batalioni na miaka ya utumishi. Hilo nalo ni sahihi kabisa.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye tepe. Seti ilipokuja mara ya kwanza, utepe wa Nyota ya 1939–1945 ulikuwa umegeuzwa. Kanuni ni kwamba buluu iliyokoza inakuwa mbali na bega la kushoto la mvaaji, yaani mtazamaji anaiona upande wake wa kushoto. Yetu ilikuwa kulia. Makosa hayo yalikuwa ya msaidizi, na fundi aliyarekebisha siku hiyohiyo bila kudai malipo, lakini kwa duka linalojivunia usahihi halikupaswa kupita bila kuonwa. Wateja wengine wakague jambo hili kabla ya fremu kufungwa. Tepe zenyewe ni za nyuzi za viwandani, zinang'aa kuliko za zamani, na jua la dirishani litazipausha upesi. Ufungaji, kwa upande mwingine, ni wa hali ya juu: utepe umepandishwa juu ya ubao mgumu na kila nishani imeshonewa juu yake, ili zisining'inie na kugongana, na mpangilio ni ule unaotakiwa, Nyota ya 1939–1945 ikitangulia, ikifuatwa na Nyota ya Burma, Nishani ya Ulinzi na Nishani ya Vita.

Fremu ya kwanza ilikuwa na mahameli ya zambarau inayopiga kelele, tukaomba nyeusi na tukabadilishiwa. Kioo ni cha kawaida.

Kuhusu gharama, seti nzima pamoja na fremu na kibao ilitufikia takriban shilingi 650,000, na utafiti ulilipiwa kando. Malalamiko yangu ni juu ya malipo ya utafiti: hayarudishwi hata kama hakikupatikana chochote, na jambo hilo tuliambiwa baada ya kutoa malipo ya awali. Nasi tulikuwa na bahati ya kupata hati ya Kibera. Familia isiyo na namba wala karatasi inaweza kulipa na kurudi nyumbani na ukurasa mmoja wa maelezo ya jumla. Stakabadhi pia ni ya kuandikwa kwa mkono bila muhuri, jambo la kushangaza katika mtaa wa wachonga mihuri. Na muda ulikuwa mrefu kuliko tulioahidiwa, kwa kuwa tepe zilikwama forodhani, ingawa fundi alikuwa akitupigia simu mwenyewe kutueleza kila hatua.

Ukinunua moja kwa moja kutoka kwa wauzaji wa Uingereza kwa njia ya intaneti, utalipa kidogo zaidi kwa nishani zenyewe, lakini muuzaji atakutumia chochote unachokilipia, hata kama babu yako hakukistahili. Wapo pia masonara wa mjini wanaomimina nyota kwa kuangalia picha kwenye simu. Nimeziona mbili za aina hiyo nyumbani kwa jirani, na zina ncha tano. Kuna njia nyingine ambayo fundi huwaeleza wateja kabla ya kupokea chochote, na hili linampa heshima kubwa machoni pangu: kama askari hakuwahi kabisa kupewa nishani zake, mrithi wake wa karibu anaweza kuziomba kwa Ofisi ya Nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Kwetu haikufaa, kwa kuwa babu alizipokea na zikapotea.

Wenye mababu wa Vita vya Kwanza wana hesabu tofauti. Nishani za vita vile, ile ya fedha na ile ya Ushindi, zilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha askari, kwa hiyo ile hasa aliyoivaa mzee wako inaweza kutambulika ikijitokeza mnadani hata leo. Kwa familia za namna hiyo fundi hapendi kutengeneza nakala haraka. Huwashauri watafute kwanza, na huwasaidia kuandika maombi kwa nyumba za minada kwa ada ndogo. Na kama kuna mapokeo kwamba mzee alitunukiwa kwa ushujaa, gazeti rasmi la London linasomeka bure kwa intaneti, na mapendekezo ya tuzo za ushujaa za Vita vya Pili yako Kew katika mfululizo wa WO 373. Mwenye subira anaweza kupekua mwenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Nawashauri jamaa wa Keya wamtumie fundi huyu, hasa wale wenye angalau namba ya jeshi au hati moja. Nendeni na nakala za karatasi, asili zibaki nyumbani. Nendeni na picha yoyote inayoonyesha kifua cha mzee, hata iliyofifia. Mwombeni aandike masharti ya malipo ya utafiti kabla ya kutoa shilingi moja. Na kama kuna mzee katika ukoo ambaye bado anakumbuka, nendeni naye, kwa kuwa fundi humuuliza maswali ambayo vijana hatujui kuyauliza. Duka hufungwa Ijumaa mchana kwa ajili ya sala na hufunguliwa tena alasiri.